Mfiwa Aulizwe Kwanza

Sheria ilikuwa wazi: meli ya vita isiyo na watu hairushi kombora mpaka mfiwa mmoja aridhie, kwa kuwa aliyefiwa anajua uzito wa kifo. Simu ilipolia, Mwanahawa alikuwa akisukuma chapati. Akaipokea kwa kidole chenye unga.

"Shikamoo, mama," meli ikasema. "Chombo cha adui kiko mbele yangu. Nikipige?"

Wifi yake Saumu, aliyekuwa jikoni, akageuka. "Sema ndiyo! Si ndio hao waliomzamisha Mbaruku? Au umeshamsahau mwanao?"

"Wifi, usinichokoze." Akaiuliza meli, "Ndani mna watu?"

"Sina hakika, mama. Huenda hamna."

"Hata waliompiga Mbaruku walisema huenda hamna. Usipige."

"Nimekuelewa, mama. Pole kwa usumbufu."

Saumu alisonya. Mwanahawa hakumjali. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alihisi amemfanyia mwanawe jambo.

Mara simu ikalia nyumba ya pili, kwa Bi Kesi. Mtaa mzima ulikuwa wa wafiwa, na sheria ilitaka mmoja tu aridhie.

"Utawazuia wote?" Saumu akauliza.

Mwanahawa alikuwa ameshajitanda kanga na kutoka. Akagonga kwa ngumi zote mbili. "Bi Kesi! Usijibu kwanza, nisikilize!"

Bi Kesi alifungua, simu sikioni, macho mekundu, midomo imeshafunguka kutamka. Mwanahawa akamshika mkono, akaukaza, na hakuuachia.