Alama Chini ya Kigoda

Linah alichora upande ambao hakuna aliyeuona.

Kigoda kilikaa juu ya rafu ya kioo, ndani ya kabati, katika jumba dogo la makumbusho nje ya Njoro. Wenzake walikichora kilivyosimama, miguu mitatu na kikalio kilichong'arishwa na miaka. Yeye alikipindua kwenye karatasi. Chini yake akatia mistari miwili iliyopishana, na duara katikati.

"Hii umetoa wapi?" Mwalimu Kigen akauliza.

Walimu wa sanaa kama Kigen ni wa kutafutwa kwa tochi. Kila muhula aliwatoa wanafunzi darasani akawaleta hapa. "Msichore kitu," aliwaambia. "Choreni aliyekitumia." Na watoto waliokuwa hawajui hata kushika penseli walirudi nyumbani na picha za kuwaliza wazazi.

"Ni alama ya ng'ombe za babu, mwalimu," Linah alisema. "Hata kigoda chake, kama hiki tu, alikichoma na hiyo chuma ya kuchomea ng'ombe alama. Shosho amekuwa akinichorea kwa jivu tangu nikiwa mdogo."

Wasichana wawili wakalala chali sakafuni, wakamulika kabati kwa tochi ya simu.

"Iko! Walai iko, mwalimu!"

Mwalimu hakuinama kutazama.

Mwaka wa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Rongai, babu yake Linah alikimbia akiwa amebeba kigoda hicho tu. Hakuonekana tena. Shosho hakutaka kesi wala fidia. Alitaka mifupa ya mumewe aizike, basi. Sasa alikuwa na miaka themanini na minne, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua.

"Mwenye alikileta hapa anajua babu alipatwa na nini," Linah akasema. "Tuulizie, mwalimu. Please. Shosho hana siku mingi."

Kibao cha maelezo hakikuwa na jina la mtu. Mwalimu alimshika bega, akamwambia atulie, akaenda ofisini peke yake. Hakukawia.

"Kililetwa na mzungu mmoja," alisema. "Alishakufa, na hakuacha maandishi yoyote. Pole sana, Linah."

Msichana alilia mpaka akakosa pumzi. Kufika karibu namna ile, halafu urudi kwa shosho mikono mitupu! Mwalimu alimpa leso yake, akaichukua ile picha, akaikunja na kuitia mfukoni.

Walipokuwa wakiondoka, Awuor, mama wa mapokezi, alimsogezea Linah kitabu cha wageni aandike shukrani kwa niaba ya darasa.

"Na usisahau kumshukuru mwalimu wenu, mami," alisema akitabasamu. "Hicho kigoda mmekipenda hivyo, ni yeye alituletea. Ilikuwa ya marehemu babake."