Vilima vya Muuza Mbegu

"Hapa ndipo juu kabisa?" mshonaji aliuliza, akitazama huku na huku.

"Ndipo," alijibu muuza mbegu, akavuta breki ya mkono mpaka ikalia. "Ukiondoa kile cha wiki iliyopita, wilaya nzima hakuna panapopazidi hapa."

Kundi la mbuzi lilikipanda kilima hicho upande mmoja, likateremkia upande wa pili, wala hakuna mbuzi aliyeonyesha dalili ya kujua kwamba amepanda kitu.

Wilaya ile ilikuwa tambarare hivi kwamba ukisimama mlangoni uliiona mvua ya jirani kabla jirani mwenyewe hajaloa. Mpunga, alizeti, mfereji, halafu mpunga tena. Kuzaliwa huko ukapenda vilima ni sawa na kuzaliwa jangwani ukapenda kuogelea. Lakini muuza mbegu alivijua vyote. Kila Jumapili alipiga honi nje ya nyumba ya mshonaji, injini ikinguruma, wakaondoka na pikapu yake kuukuu kwenda kuitazama dunia kutoka juu.

Mshonaji alikuwa mjane wa miaka mingi. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kwenda mahali bila kutumwa na shida. Walikaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia, wakatafuna karanga.

"Kutoka huku juu," muuza mbegu alimwambia, "hata shamba la mchoyo linapendeza."

Mshonaji alicheka mpaka karanga zikampalia.

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, hakucheka.

"Mdogo wangu, umri wote huo unadanganywa kwa vichuguu?"

"Anapenda mandhari, dada."

"Mandhari! Umewahi kumwona akishuka garini hapa kwetu? Hata kwa kikombe cha chai?"

"Huwa ana haraka."

"Ana haraka ya nini, kilima kitakimbia? Nisikilize. Mwanamume anayekupandisha vilimani ana mke bondeni. Ndiyo maana gari halizimwi. Akitokea mtu anayemjua, gia, vumbi, kwaheri."

Maneno hayo yalimchoma mshonaji kuliko sindano yoyote aliyowahi kujidunga. Jumapili iliyofuata alimtazama bwana huyo kwa jicho jipya. Kwenye genge la nyanya, alinunua kupitia dirishani, injini inawaka. Walipopita kwa rafiki yake mshonaji, akaombwa wasimame kidogo wasalimie, akasema siku nyingine.

"Basi leo twende mtoni," mshonaji alisema. "Kuna kivuli kizuri."

"Mtoni? Kule chini?" Muuza mbegu alishtuka kama aliyeambiwa waende jela.

Badala yake alimpeleka kwenye ukingo wa mfereji.

"Lakini hiki si kilima," mshonaji alilalamika. "Huu ni udongo uliochimbwa mferejini."

"Kilima ni kilima, bibie, ilimradi kinateremka." Akaenda mbele, akarudi nyuma, akageuza gari mpaka pua yake ikaelekea njia ya kuondokea.

Kama mtu aliye tayari kutoroka, mshonaji aliwaza. Akaziweka karanga kando.

"Bwana wee," alisema hatimaye, "nimechoka kuchumbiwa kwa honi. Jumapili ijayo uingie ndani, uzime gari, uketi na kaka zangu uwaambie unachokitaka. Kama huwezi, usirudi tena."

Muuza mbegu alilitazama gari. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na upepo ulikuwa unavuma.

"Hao kaka zako," aliuliza taratibu, "ni wengi?"

"Wanatosha."

"Wana nguvu?"

"Wanapakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wewe unaonaje?"

Mshonaji alitegemea kumwona akinywea. Ajabu, muuza mbegu alishusha pumzi ndefu, akatabasamu kidogo. "Basi nitakuja," alisema.

Siku ikafika. Kaka zake walijipanga sebuleni kama mahakimu, viti vinalia chini yao. Dada alichungulia dirishani. Pikapu iliingia uani ikinguruma, ikasimama katikati. Muuza mbegu, shati limepigwa pasi, alibaki ameshika usukani.

"Hazimi," dada alinong'ona. "Si nilikwambia? Anageuza sasa hivi."

Mshonaji alikwenda akasimama mlangoni. Alimwona yule bwana akiitazama nyumba, akautazama ule ua, kisha akamtazama yeye mlangoni. Akafumba macho, akageuza ufunguo.

Kimya kilitanda mpaka kuku wakasikika wakiparura.

Aliingia, akavua viatu, akasalimia kila mtu kwa heshima yake. Alisema kwamba mke wake alifariki zamani, watoto wameoa na kuolewa, na kwamba anamtaka mshonaji kwa ndoa, si kwa mchezo. Kaka mkubwa alimhoji kuhusu ukoo, afya na tabia yake. Kaka mdogo alimhoji kuhusu mbegu za vitunguu. Majibu yote yaliwaridhisha. Chai iliongezwa mara kadhaa, na dada mwenyewe, aliyekuwa akitokota kama jungu, alijikuta akisema, "Ongeza sukari, shemeji."

Jua lilipoanza kulegea, mambo yalikuwa yamekubalika na tarehe imetajwa. Mgeni aliaga. Alishikana mikono na kila mmoja, akafika mlangoni, akasimama. Akakuna kichwa. Akamtazama mchumba wake kwa macho ya mtu anayekwenda kutubu, kisha akawageukia wale kaka.

"Sasa, shemeji zangu," alisema, "naombeni mkunje mikono ya mashati twende nje. Starta ya gari ilikufa mwaka juzi, na hapa kwenu hakuna mteremko."