Korola ya Mzee Yusufu

Jafari alijilaza chini ya Korola, akashika nati ya linki, kifimbo kilicho nyuma ya gurudumu, kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kizibo cha chupa. Nati ile aliikaza mwenyewe juma lililopita.

Subira, binti wa mwenye gari, alikuwa amemweleza kwamba gari limeanza tena: ko-ko-ko, mbele kushoto, kila wakiingia shimoni. Na mashimo ya njia ya kwao hayajapungua. Kila mgombea huyakumbuka, kila mbunge huyasahau.

Mara ya kwanza zilikuwa bushi kweli, zimelika. Mara ya pili shokapu ilikuwa inavuja. Hayo ni haki ya gari kuukuu. Lakini tangu hapo ni nati tu, na safari hii ilikuwa na alama mpya za spana isiyo yake.

Mafundi wenzake wa gereji ya Ufukoni hawakumwacha apumue.

"Mtoto wa watu anafungua nati kwa mikono yenye hina," mmoja alisema, "nawe unamjibu kwa grisi."

Jafari akaanza kuvaa shati safi chini ya ovaroli.

Subira hakumsaidia. Alisimama kando ya gari na simu yake, akijibu neno moja moja. Jafari akaiita haya. Baba yake Subira, Mzee Yusufu, aliyestaafu kazi ya kreni bandarini, alikuja naye kila mara, akidai gari haliachwi mikononi mwa fundi. Kisha aliliacha mikononi mwa fundi, akaenda kwenye benchi la Bi Asia, mama yake Jafari, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akiuza supu ya pweza mlangoni mwa gereji.

Siku moja Jafari akamuuliza mama yake mzee anasemaje juu yake.

"Anasema una mkono mgumu," mama alijibu, akikoroga sufuria. "Unakaza mno."

Jafari alitembea na sifa hiyo siku nzima. Jioni akajikaza, akamwambia mama kwamba anataka kutuma washenga kwa Mzee Yusufu. Mama alikohoa hadi machozi yakamtoka. Akamwomba angoje kwanza Ijumaa ipite.

Ijumaa, baada ya swala, wazee wawili waliovaa kanzu walipiga hodi. Walisema wametumwa na Mzee Yusufu, kwa jambo la heri, la ndoa.

Jafari aliwaamkia, akawakaribisha ndani. Tangu lini upande wa mwanamke ukaposa? Lakini dunia imebadilika, na bahati haiulizwi ilikopita. Kabla hawajakaa vizuri akawaambia kwamba yeye hana pingamizi, amekubali kwa moyo mmoja.

Wazee wakatazamana, wakashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," mkubwa wao alisema. "Mzee Yusufu alihofu hutapenda mama yako aolewe tena."