Jiwe Limesogea

Mwalimu Agneta alirudi kutoka shuleni Gatete akiwa hoi, chupa ya mafuta ya mawese mkononi. Jirani yake, mzee mmoja, alikuwa akimngoja kwenye jiwe la mpaka wa mashamba yao, jembe begani.

"Jiwe imesogea tena, mwalimu. Siku ulirudi toka ukimbizini Tanzania, ilikuwa pale."

Agneta hakuwa na nguvu za kugombana. Akainamisha ile chupa aliyofundishia darasani siku hiyo. Mafuta mepesi ya juu yalikimbia; yale yaliyoganda chini yalijikokota.

"Chini ya ganda hili la dunia tunalolima kuko mawe ya moto, muzee. Ni magumu, lakini inatembea kama hivi. Inatubeba sisi wote."

"Na shamba?"

"Na shamba."

Mzee aliitazama chupa mpaka mafuta yakatulia. Kisha akashusha jembe, akaketi juu ya jiwe, akasogea kidogo kumwachia nafasi.