Ukimya wa Chumba

Kila tunapomaliza kupiga onyesho moja la filamu yetu ya mapenzi, mimi mrekodi sauti huinua mkono, watu wote hunyamaza, nami hurekodi ukimya wa chumba, wa kuunganishia sauti za filamu baadaye. Mbeba taa huvua saa yake na kuifunga kwenye leso, isisikike.

Leo hakuivua. Ilinigonga masikioni: tiki, tiki.

Asubuhi mwongozaji alinitania, "Wewe na mbeba taa kuna nini?"

"Mwenzangu wa kazi tu," nilijibu. Kumbe mbeba taa alikuwa nyuma yangu, akasikia.

Sasa waigizaji wote, mabingwa wa kutamka mapenzi, walikuwa kimya wakinitazama. Nikainua kichwa.

"Mwongozaji, asubuhi nilikudanganya."

"Shii! Dada, si wewe unayetunyamazisha kila siku? Tunarekodi!"

"Acha iingie. Huyu mwenye saa ni mpenzi wangu."