Seli Zisizotaka Kugeuka

Bosi wa maabara alikuwa ameshamshuku kila mtu: mfagiaji, fundi umeme, hata friji.

"Kuna mkono wa mtu humu!" alifoka, akinusa chupa za protini kama anayetafuta maziwa yaliyochacha.

Mkono wa mtu, eti. Kazi yenyewe wala haikuwa ya kichawi. Seli shina ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Ukizilisha protini ya kwanza, zinabaki changa, zinazaana tu. Ukiiondoa ukazipa ya pili, zinageuka seli za moyo na kuanza kudunda. Lakini za mtafiti wake hodari zilikuwa zimekataa katakata, na wafadhili walikuwa njiani. Zikidunda, mtafiti anapelekwa ng'ambo miaka mitatu, peke yake, na Bosi anatoka gazetini. Tunajua lipi lilimnyima Bosi usingizi.

Nyumbani kwa mtafiti ndiyo usiseme. Mume alishamnunulia mkewe koti zito la baridi na kuutangazia mtaa mzima. Mama mkwe, roho nzuri kupita kiasi, alishahamishia kitanda cha mjukuu chumbani kwake.

"Mtoto hata mwaka hajafikisha, mama," mtafiti alimwambia.

"Ndiyo vizuri, mwanangu. Hatakukumbuka, hatasumbua."

Faraja hiyo, jamani!

"Na nisipotaka kwenda?"

Mume alicheka mpaka akapaliwa. "Usitake? Wenzako wanaililia nafasi hii! Wewe kazana na seli zako, mengine tuachie sisi."

Akakazana. Asubuhi ya ugeni Bosi alimkuta maabara, macho yamemvimba. Akamwonea huruma, kwa kipimo chake.

"Pole. Leo ukishindwa, utaosha chupa hapa mpaka uzeeke. Haya, kaangalie."

Mtafiti aliingia chumba cha seli, akajifungia, akaweka kisahani chini ya hadubini.

Zilikuwa zinadunda. Zote, kwa pamoja, bila kukosea. Alizitazama mpaka machozi yakamtoka, maana kazi nzuri namna ile hakuna aliyewahi kuifanya pale, na yeye mwenyewe alijua.

Kisha akazimwagia dawa ya kuua vijidudu. Akatoa kabatini kisahani kingine, cha seli changa zilizoshiba protini ya kwanza, akakiweka mahali pake na kufungua mlango.

"Bosi," aliita, "hata leo hazijageuka."