Jicho la Shavuni

Mwalimu Mwaipaja alifundisha hadithi za Wagiriki wa kale mpaka akastaafu, akiamini zote ziliingia sikio hili zikatokea lile. Jioni moja yeye na mkewe walitazama kichekesho cha safari za angani kwenye runinga. Humo baharia wa hadithi zile za Kigiriki amekuwa rubani, na lile jitu la jicho moja limekuwa roboti.

"Baba Sekela, hebu ona! Jicho liko shavuni!" mkewe alicheka.

Mwalimu hakucheka. Ubao wa darasa lake ulikuwa na tundu pembeni, na kila mwaka akichora jitu hilo alilifanya tundu kuwa jicho lake. Kichwa kilikosa nafasi, jicho likaishia shavuni.

"Asante, mwanangu," alisema, asijue ni yupi kati ya wanafunzi wake wa zamani aliyekitunga kichekesho hicho. Akainuka, akaipangusa runinga vumbi kwa kiganja, taratibu, akilizunguka lile jicho.